Bingwa wa Vidoti na Nembo ya Sabuni

Shemeji yangu anaitwa Bingwa. Jina hilo hakupewa na mtu, alijipa mwenyewe. Aliliandika kwenye mlango wa chumba cha mbele cha nyumba yao, kwa herufi za dhahabu zenye kivuli, na nyuma ya herufi akaweka radi. Tangu siku hiyo ukimwita kwa jina alilopewa na baba yake hageuki. Basi na sisi tukamwita Bingwa, maana ukiwa na kadi ya harusi ya kutengenezewa hutaki kumkasirisha mtu.

Ni mume wa mdogo wangu. Hilo ndilo linalonipa ruhusa ya kumsema, na wala simsengenyi. Haya yote nimemwambia usoni, akacheka, akanijibu, "Shemeji, wewe shughulika na cherehani yako." Haya. Cherehani inaenda, na mdomo nao unaenda.

Ukiingia chumbani kwake utadhani umeingia kwa waziri. Kiti cha ngozi cha kuzunguka, skrini mbili, mapazia yamefungwa mchana kutwa eti jua linaharibu rangi. Ukutani kuna picha yake mwenyewe, kakunja mikono kifuani, kakunja na uso, nyuma yake moto unawaka. Mtu anayetengeneza mialiko ya sherehe za shule, moto wa nini? Lakini sitamnyima haki yake: jicho analo. Mpelekee picha ya bibi harusi mwenye chunusi, atamlainisha, atamng'arisha, atamwongezea kope, mpaka mama mzazi aulize huyu ni binti wa nani. Kwenye matangazo ya misiba ndiyo usiseme. Marehemu wanapendeza kuliko walivyokuwa wazima, na wengine wanatabasamu ambao maishani mwao hatukuwahi kuyaona meno yao.

Sasa, kuna ugomvi katika kazi hii ambao mimi fundi wa nguo nilikuwa siujui mpaka nilipoanza kukaa kwenye kibaraza chao nikipiga pindo. Programu za kuchorea ziko za aina mbili. Moja inatengeneza picha kwa vidoti vidogo vidogo vya rangi, wenyewe wanaviita pikseli. Nyingine inachora kwa mistari: kompyuta inakumbuka mstari umeanzia wapi, umepinda wapi, umeishia wapi, na ukitaka mchoro uwe mkubwa kama ukuta inauchora upya, safi vilevile. Picha ya vidoti ukiivuta sana, vidoti navyo vinavutika mpaka unaviona kimoja kimoja. Nilielewa upesi, kwa sababu picha ya gauni haimtoshi mtu hata uikuze vipi, ila karatasi ya kukatia gauni unaongeza kipimo na mnene anavaa. Zote mbili zina kazi yake. Sura ya mtu, mawingu, maji yanayomwagika, hivyo ni vya vidoti. Nembo na herufi, chochote kitakachokaa leo kwenye kadi na kesho juu ya ghorofa, hicho ni cha mistari. Kuna ugumu gani hapo?

Kwa Bingwa ulikuwepo, tena mkubwa: aliyoijua ni ile ya vidoti tu. Na Bingwa hawezi kusema "sijui." Neno hilo likimfika kooni anakohoa. Kwa hiyo badala ya kujifunza ya pili, akaigeuza ya kwanza kuwa dini. Kwenye lile kundi lao la wabunifu kwenye simu, kijana wa watu akiuliza kwa adabu, "Jamani wakubwa, nianze na programu gani?" Bingwa anaacha kula. Anasimama. Anarekodi sauti ndefu huku akizunguka sebuleni na mkono wenye mchuzi kauinua juu. "Sikiliza mdogo wangu, usipotezwe. Programu ni moja tu duniani!" Chakula kinapoa, watoto wao pacha wanamtazama, mdogo wangu anafunika sahani.

Kwenye chumba chake cha kazi Bingwa alikuwa na mwenzake, mwanamke mrefu tuliyembatiza Twiga, aliyesomea ubunifu chuoni. Twiga alikuwa akitumia programu zote mbili, kila moja kwa kazi yake, bila kelele. Bingwa ikamkera. Siku moja mbele ya wateja akamwambia, "Mistari ni kazi ya watoto wa chekechea. Msanii anapaka rangi." Twiga akazima kompyuta, akatia mkoba begani, akaenda kupanga chumba ng'ambo ya barabara, akanunua na mashine ya kuchapia mabango. Ningekuwa mimi ningemjibu mpaka mate yanikauke.

Baada ya hapo kila kazi kubwa iliyotoka kwa Bingwa ilitoka na ukungu. Kadi ya duka safi, bango la duka hilohilo kama umelitazama huku unalia. Na mteja akirudi na hasira zake, nani anatoka nje kumpooza? Mdogo wangu. "Samahani kaka, mashine ya kuchapa ilileta matatizo." "Tuvumilie mama, Baba Pacha wiki ile hakuwa mzima." Mashine za mji mzima zimesingiziwa, na homa alizougua shemeji yangu mdomoni mwa mkewe zingemaliza ukoo. Mwenyewe yuko ndani nyuma ya pazia, anasikia, anazungusha kiti.

Mdogo wangu, yaani Mama Pacha, kazi yake ni sabuni. Anaipika uani, anaikata, anaianika kwenye vichanja alivyogonga mwenyewe. Soda kali ya kupikia hiyo sabuni imemla vidole, hata akishika kitambaa changu cha hariri kinanasa. Amezungusha sabuni hizo saluni kwa saluni na mlango kwa mlango, pacha mmoja mgongoni, mwingine kamng'ang'ania sketi, na hakuna siku nimemsikia akijiita bingwa wa kitu. Basi bahati ikamwangukia. Meneja wa supamaketi mpya iliyokuwa inamaliziwa mtaani kwetu, mkabala na chumba cha Twiga, alinawa mikono kwa sabuni yake saluni, akaipenda, akamwita ofisini.

"Nakupa rafu nzima, karibu na mlango," akamwambia. "Na juu ya mlango nitaweka bango lako, uwe sabuni yetu ya ufunguzi. Sharti langu ni moja, mama. Niletee nembo iliyochorwa kwa mistari, kwa sababu hiyohiyo itakaa kwenye lebo, kwenye tovuti yetu na kwenye bango. Siku ya kufungua kila kitu kiwe kimekaa sawa. Kisipokaa, rafu nampa mwingine, na mwingine yupo."

Alikuja kwangu mbio, kandambili moja kaiacha njiani. Tulikumbatiana, tukaruka kama wasichana wa shule. Nilipopata pumzi nikamwambia, "Haya, twende kwa Twiga sasa hivi."

Akaniachia. "Dada, nimpite mume wangu nipeleke kazi ng'ambo? Watu watasemaje? Yeye mwenyewe atajisikiaje?"

"Atajisikia kama mtu asiyejua kuchora mistari."

"Dada!"

Nikanyamaza. Kunyamaza kuliniuma mwili mzima, lakini nikanyamaza.

Bingwa aliipokea kazi kwa mbwembwe. Akawapanga pacha uani, akawaambia wakinge viganja, akavimwagia povu, akapiga picha mpaka watoto wakaanza kutetemeka kwa baridi. Kisha akajifungia. Alipotuita kutazama, loo! Viganja viwili vidogo vimekutana, povu linang'aa, kila kiputo kina upinde wake wa rangi, matone yanateleza kwenye vidole. Niliona machozi yananilenga. Kitu kizuri ni kizuri, hata kikitoka kwa shemeji yako.

Mdogo wangu akafuta macho, akauliza taratibu, "Baba Pacha, hii ni ya mistari?"

"Mama Pacha, hii ni sanaa."

"Meneja alitaka ya mistari."

"Meneja anauza nyanya. Mimi nimewahi kumfundisha kuuza nyanya?"

Habari zikafika ng'ambo, na Twiga, kwa ustaarabu wake, akavuka barabara akabisha hodi. Akaisifu picha kwa dhati. "Hii iwekeni kwenye tovuti, itavutia sana," akasema. "Nembo ya lebo na bango niachieni mimi niichore. Ni kazi ya nusu siku, na sitaki malipo." Bingwa akazungusha kile kiti mpaka tukabaki tunatazamana na mgongo wake. Mgongo ukajibu, "Ahsante. Hapa tunajitosheleza."

Mdogo wangu hakuchoka kuuliza. Kila akipeleka chai ndani anauliza: mistari, Baba Pacha? Mistari vipi? Mwisho Bingwa akashindwa kuvumilia, akafanya jambo ambalo linahitaji kiburi cha aina yake. Mimi niliona kupitia dirishani, nyuma ya pazia lililoachia upenyo, ila nilichokiona sikukijua mpaka Twiga aliponifafanulia baadaye. Kumbe bwana mkubwa alikuwa ameshaiweka ile programu ya mistari kwenye kompyuta yake, kimyakimya. Akaifungua. Akajaribu kuchora kiganja kimoja. Kikatoka kama glavu iliyojazwa viazi. Akafuta, akachora tena, kikatoka kiatu. Akatazama mlango, akatazama dirisha, akapangusa jasho. Halafu akachukua picha yake ileile ya vidoti, akaitumbukiza mzimamzima ndani ya programu ya mistari, akaihifadhi kwa aina ya faili aliyotaka meneja. Basi! Kazi imekwisha! Ni kama mimi nibandike picha ya gauni kwenye karatasi ya kukatia nguo, nimwambie mteja, haya mama, kaa tukupime.

Akamwita mkewe. "Si ulitaka mistari? Soma hapo, faili la mistari hilo." Mdogo wangu akasoma, akaona ni kweli imeandikwa hivyo, na picha kwenye skrini ndogo inapendeza. Akambusu kwenye paji la uso. Faili likaenda kwa meneja, meneja akalisukuma kwa wachapaji wake, na kila aliyelifungua aliliona dogo, zuri, akapitisha.

Siku moja kabla ya ufunguzi tukaitwa kuona bango likifunuliwa. Mdogo wangu alivaa gauni nililomshonea, la rangi ya mahindi mabichi. Pacha wamepakwa mafuta wanang'aa. Majirani wapo, wanawake wa saluni wapo, Bingwa yupo na miwani ya jua. Meneja akatoa ishara, kitambaa kikavutwa, kikaanguka.

Toba!

Juu ya mlango mzima kulikuwa na miraba. Miraba ya kahawia, ya kijivu, ya waridi iliyofifia, mikubwa kama matofali, imepangana ngazi ngazi. Kidole kiko wapi, povu liko wapi, hakuna aliyejua. Kisha bibi mmoja aliyekuwa anapita na kikapu akasimama, akatazama juu, akasema kwa furaha, "Afadhali! Huku kwetu hatukuwa na duka la vigae."

Niliuma kanga. Si kwa kucheka, jamani. Nilikuwa namtazama mdogo wangu.

Tukaingia ndani kuangalia rafu, labda huko kuna nafuu. Nafuu gani? Kwenye lebo ile picha ilikuwa imefinywa mpaka vivuli na matone yakarundikana, na vile viganja vya watoto vikawa kama uyoga uliooza. Nani anaoga na uyoga? Bingwa wakati huo anazunguka na simu yake, anamwonyesha kila mtu tovuti. "Tazama hapa! Hapa si inapendeza? Tatizo ni ukuta wenu!" Na kweli kwenye simu ilipendeza. Sasa supamaketi ining'inizwe kwenye simu?

Alipoona hawamsikilizi akabuni dawa. Akapanua mikono akaanza kutusukuma. "Mmeikaribia mno. Bango halitazamwi kwa karibu. Rudini nyuma kidogo. Kidogo tena. Mama, na wewe na kikapu chako, rudi." Watu wakarudi. Tukashuka ngazi kinyumenyume, tukavuka sehemu ya kuegesha magari, tukaingia barabarani, magari yanapiga honi, bado anasema, "Kidogo tena, inakuja, inakuja." Tukasimama ng'ambo kabisa, migongo yetu imegusa mlango wa Twiga. Hapo Bingwa akatweta, akanyoosha kidole. "Mnaona sasa? Viganja hivyo!"

Ni kweli, kutoka kule uliviona, ukikunja macho.

Meneja alikuwa amebaki peke yake mlangoni kwake. Alivuka barabara polepole, akamwuliza, "Kaka, na wateja wangu niwaambie wasimame huku?" Hakungoja jibu. Akamgeukia mdogo wangu, na sauti yake haikuwa ya ubaya, ndiyo maana iliuma zaidi. "Mama, kesho asubuhi nafungua. Hili linashuka sasa hivi, na lebo hizo siziweki mbele ya watu. Nikikuta jingine asubuhi, rafu ni yako. Nisipolikuta, unisamehe." Akavuka barabara kurudi dukani kwake.

Sote tukamtazama Bingwa. "Wachapaji wameharibu," akasema. "Msihofu. Naikuza mwenyewe. Naivuta kwenye skrini mpaka ijae, halafu naipiga picha skrini yenyewe. Inakuwa kubwa maradufu."

Mdogo wangu akamgeukia. Niliona midomo yake inataka kusema yale ya siku zote, mashine, homa, tuvumilieni. Hayakutoka. Akawashika pacha mikono, mmoja huku mmoja huku, akageuka, akausukuma mlango wa Twiga kwa bega.

"Mama Pacha!" Bingwa akaita. "Unaingia wapi humo? Mama Pacha, watu wanatazama!"

Walitazama kweli, nami nikaingia nyuma yake na kufunga mlango.

Twiga hakuuliza wala hakusema "nilisema mimi." Aliwakalisha watoto, akawawekea viganja juu ya karatasi nyeupe, akazungusha penseli kidole kwa kidole, nao wanacheka kwa kutekenywa. Kisha akaiingiza ile karatasi kwenye kompyuta, akaifuata kwa mistari michache, akaijaza rangi moja ya kijani, akaweka duara tatu ndogo juu ziwe povu. Kwisha. Akaipunguza ikawa kama kucha, viganja vilevile. Akaikuza ikajaa skrini, viganja vilevile. Mdogo wangu alikaa kwenye kigoda, analia bila sauti, na vile vidole vyake vilivyoliwa na soda anavifuta kwenye gauni langu jipya. Sikumkataza. Mashine ikaanza kunguruma, nami nikatoa mkasi wangu nikakata lebo mpaka kidole gumba kikafa ganzi. Giza halijaingia, bango lilikuwa tayari limekunjwa mlangoni.

Asubuhi lilikuwa juu ya mlango wa supamaketi. Viganja viwili vya kijani, vikali, vimetulia, unaviona ukiwa mlangoni na unaviona ukiwa mwisho wa barabara. Yule bibi wa kikapu akapita, akasoma, akaingia kununua sabuni.

Na chini ya bango nani kasimama? Bingwa. Kavaa suti. Kakunja mikono kifuani. Meneja, ambaye hakujua ya ng'ambo, akamwendea ameshautoa mkono tangu mbali. "Kaka, hongera! Umenifunga mdomo. Hii ndiyo kazi sasa."

Nikasema moyoni, ngoja, hata yeye atakuwa na haya. Wapi! Akaupokea mkono, akautikisa, akakohoa kidogo. "Unajua, mimi siku zote nawaambia vijana: nembo ni mistari. Vidoti ni vya picha. Mtu lazima ajue kuchagua."

Nilitafuta kiatu changu nikivue. Mdogo wangu alikuwa anatoka kwenye gari na katoni ya sabuni kifuani. Meneja akamwita, "Mama, mume unaye! Mshike sana huyu." Bingwa akamkonyeza mkewe, kale kakonyezo kake ka nifunike basi, kama alivyozoea kila mteja aliporudi na hasira. Watu wakasubiri. Mimi nikasubiri.

"Mume ninaye," mdogo wangu akasema. "Lakini kazi hii si yake, meneja. Ya jana ndiyo yake. Hii imechorwa na dada yule mrefu, anayepanga sabuni pale ndani. Mkono mpe yeye."

Meneja akaurudisha mkono wake taratibu, akautia mfukoni, akaingia ndani.

"Mama Pacha," Bingwa akanong'ona, "unanivua nguo mbele za watu?"

"Nimekufunika miaka yote, Baba Pacha. Jana kukufunika nusura kunipotezee kila nilichopika. Sikufuniki tena." Hakupaza sauti. Akamsukumia ile katoni kifuani. "Shika. Bado ziko nyingi kwenye gari."

Bingwa akatazama kulia, akatazama kushoto, akatafuta wa kumweleza. Kila mtu alikuwa anaingia dukani. Akaibeba. Alibeba katoni mpaka mchana, na suti yake, na jasho lake, na kwa mara ya kwanza tangu amwoe mdogo wangu, alimfanyia kazi ambayo hakuna mtu aliyelazimika kuirudia.